Mbweha wenye kichaa Lindi na Mtwara: chanjo iwafuate porini au ibaki kwa mbwa wetu?

SWALI: Mwalimu wa Liwale

Salaam kwenu nyote. Naandika kwa niaba ya kamati ya mazingira ya kijiji chetu, kilichopo wilayani Liwale upande unaopakana na hifadhi, baada ya mkutano wa kijiji kumalizika bila watu kuelewana. Katika msimu wa korosho uliopita, wakati kaya nyingi zimehamia mashambani, mbweha aliingia kitongojini mchana kweupe akiwa hana woga wowote wa watu, akamng'ata mkononi mama mmoja aliyekuwa akiokota korosho, akapambana na mbwa wawili, na mwishowe akauawa kwa mapanga na kufukiwa palepale. Mama huyo alikimbizwa hospitali siku hiyohiyo na akachomwa sindano zote alizopangiwa. Hivi karibuni ameonekana mbweha mwingine mwenye dalili zilezile, naye amepigana na mbwa wawili wa jirani. Mmoja aliwahi kuchanjwa, mwingine hakuna anayekumbuka kama alichanjwa.

Mkutanoni wapo waliotaka itegwe nyama yenye sumu ili mbweha wapungue, na wapo waliosema kwamba Ulaya wanyama wa porini huchanjwa kwa kutupiwa chakula chenye dawa, hivyo serikali iombwe ifanye vivyo hivyo huku kwetu. Wengine walishikilia kwamba tatizo ni mbwa, na mbweha anabeba lawama isiyo yake. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta maelezo yenye ushahidi. Je, utafiti umeonyesha kwamba mbweha wa kusini wanautunza ugonjwa huu wa kichaa cha mbwa wenyewe kwa wenyewe, au wanaupata kutoka kwa mbwa? Na je, chanjo ya wanyamapori inawezekana katika mazingira yetu?

JIBU: Daktari wa Mifugo, Mtwara

Mwalimu, poleni, na utufikishie pole kwa mama huyo. Kabla ya mambo ya utafiti naomba nizungumzie wale mbwa wawili, maana hao hawawezi kusubiri mkutano mwingine. Yule aliyechanjwa apewe chanjo ya kurudia mara moja na awekwe chini ya uangalizi kwa siku 45. Yule asiye na kumbukumbu ya chanjo ahesabiwe kuwa hakuchanjwa. Utaratibu wa kitabibu unataka mbwa wa namna hiyo auawe kwa njia isiyo ya mateso, na mwenyewe akikataa, basi afungiwe mahali pasipofikika na watu wala wanyama wengine kwa miezi minne hadi sita. Kumfunga kamba chini ya mwembe hakutoshi, kwa sababu watoto hupita na mbwa wengine huja kumnusa. Aidha, vijana waliomkata mbweha yule wa kwanza kwa mapanga waulizwe kama walirukiwa na mate au damu machoni, mdomoni au kwenye michubuko, na aliyerukiwa aende hospitali bila kuchelewa.

Sasa nije kwenye swali lako, ambalo kwa bahati nzuri limefanyiwa kazi katika mikoa yetu hii miwili. Kati ya Januari 2011 na Julai 2019, watafiti wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, kwa ushirikiano na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walifuatilia matukio ya kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Hawakuanzia porini. Walianzia kwenye madaftari ya vituo vya afya, wakachukua kumbukumbu za watu waliofika kutibiwa majeraha ya kung'atwa, kisha wakaenda kijijini kwa kila mmoja na kuuliza: mnyama alikuwa wa aina gani, alitokea upande gani, alikuwa na dalili zipi, aliwang'ata nani wengine, na wale waliong'atwa iliwatokea nini baadaye. Kwa njia hiyo walipata watu 688 waliokuwa katika hatari halisi ya kuambukizwa, na 47 kati yao walifariki. Kwa upande wa wanyama walibaini matukio 549 yenye kila dalili ya kuwa kichaa, ambapo mbwa walikuwa 303 na mbweha 221, na waliobaki ni paka na wanyamapori wengine wachache.

Mbweha 221 kati ya wanyama 549 ni zaidi ya 40 katika kila 100, na huo ni uwiano mkubwa sana. Kwa hiyo wale wanaosema mkutanoni kwamba mbweha ana kichaa hawasemi uongo, na daktari atakayewaambia kwamba huku kusini ugonjwa huu ni wa mbwa peke yao atakuwa hajaisoma mikoa yake.

Hata hivyo, idadi ya wagonjwa haikuonyeshi nani anautunza ugonjwa. Ili kulijibu hilo, watafiti walitumia tarehe na mahali pa kila tukio kukadiria nani alimwambukiza nani. Inajulikana kwamba kutoka mbwa mmoja kuugua hadi yule aliyemng'ata naye kuugua hupita kwa kawaida wiki tatu hadi nne hivi, ingawa wapo wanaochukua miezi, na inajulikana pia kwamba mbwa mwenye kichaa mara nyingi hang'ati mbali sana na anakoishi. Kwa vipimo hivyo viwili unaweza kusema kwamba mbweha wa kijiji hiki aliyeugua mwezi Machi huenda aliambukizwa na mbwa wa kijiji jirani aliyekufa Februari, au na mbweha mwenzake, na ukapima ni uwezekano upi una uzito zaidi. Maambukizi ya mbwa kwa mbwa ndiyo yaliyoongoza, takriban 40 kwa kila 100. Ya mnyamapori kwa mnyamapori yalifika karibu theluthi moja, na zilikuwepo dalili za minyororo iliyoendelea kwa muda ndani ya mbweha wenyewe.

Jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni lililotokea wakati mbwa wanachanjwa. Mikoa yetu ilikuwa ndani ya mpango mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mpango ule ulilenga mbwa, na porini hakuna aliyekwenda na sindano. Pamoja na hayo, katika miaka sita ya mwanzo ya utafiti ule, matukio yalishuka kwa binadamu, kwa mbwa na kwa mbweha pia. Mpango ulipokoma, matukio ya mbwa yakaanza kupanda tena katika mojawapo ya wilaya za kaskazini mwa eneo hilo. Ukiniuliza mimi shilingi ya kwanza iende wapi, nitakujibu iende kwa mbwa.

JIBU: Askari wa Wanyamapori

Nakubaliana na Daktari, ila hoja ya chambo chenye chanjo isipitwe juu juu, kwa kuwa watu wengi wameisikia nusu nusu na wanaona kama serikali inawanyima dawa iliyopo.

Dawa hiyo ipo kweli. Uswisi walianza mwaka 1978 katika bonde la mto Rhône, wakitumia vichwa vya kuku vilivyowekewa kidonge chenye chanjo ya maji, wakivitupa kwenye mapito ya mbweha wekundu. Kabla ya hapo nchi za Ulaya zilikuwa zimejaribu kuwaua mbweha hao kwa bunduki, kwa sumu na hata kwa kujaza gesi kwenye mashimo yao, na ugonjwa ukaendelea kusonga mbele. Ilipokuja chanjo ya kula, ikimwagwa kwa ndege mara mbili kwa mwaka, vyambo takriban 20 kwa kila kilomita ya mraba, Uswisi ikatangazwa kuwa huru mwaka 1999, Ufaransa 2001 na Ujerumani 2008. Israeli nao walianza kazi hiyo mwaka 1998, na huko walengwa ni pamoja na mbweha wa dhahabu, ambao ni ndugu wa karibu zaidi wa hawa wetu.

Lakini tazameni tofauti. Kule Ulaya mbweha mwekundu ndiye aliyekuwa akiutunza ugonjwa, na mbwa wao walikuwa tayari wamechanjwa, kwa hiyo chambo kilipomfikia mbweha kilikata mzizi. Pili, chanjo ya kula ni kirusi hai kilichodhoofishwa, maana ile iliyouawa tunayomchoma mbwa haifanyi kazi ikimezwa. Kirusi hai kinahitaji baridi kali wakati wa kutunzwa, na kikishatupwa chini kwenye jua la Liwale la mwezi Oktoba hakina maisha marefu. Tatu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, porini kwetu huwezi kuchagua nani ale. Ukiweka chambo jioni kwenye njia ya mbweha, atakayekiokota anaweza kuwa fisi, nyegere, fungo, nguchiro, nguruwe pori au nyani. Nyani si mfano wa kubuni: moja ya chanjo za kizazi cha kwanza, inayoitwa SAD Berne, ilipojaribiwa kwa nyani kusini mwa Afrika ilisababisha ugonjwa wenyewe kwa baadhi yao. Ndiyo maana zikatengenezwa aina zilizodhoofishwa zaidi, kama SAG2, ambayo ilijaribiwa Zimbabwe kwa mbweha wa aina mbili, akiwemo mbweha miraba tuliye naye huku, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba inawakinga.

Kwa hiyo kitaalamu inawezekana kumkinga mbweha miraba kwa kumlisha. Kinachobaki ni kama inafaa, kwa gharama ipi, na kama italeta tofauti ambayo chanjo ya mbwa haiwezi kuileta. Kwa hilo Zimbabwe wanatufundisha tena. Huko mbweha miraba wamekuwa wakipata milipuko mikubwa ya kichaa, na watu walidhani ugonjwa ni wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipopiga hesabu za wingi wao na jinsi wanavyokutana, ulionyesha kwamba mbweha hao kwa kawaida ni wachache mno kwa eneo kuweza kuuendeleza ugonjwa peke yao, na kwamba milipuko yao huhitaji kuchochewa mara kwa mara na mbwa.

Kuhusu sumu sitasema mengi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza, na nyama hiyo itawaua tai na mbwa wenu wenyewe kabla haijamfikia mbweha mgonjwa, ambaye mara nyingi koo lake limeshapooza na hawezi kumeza. Mbweha wazima wakifa, wengine huingia kwenye eneo lililoachwa wazi, na kuhamahama huko kunaongeza mapigano.

JIBU: Mkulima wa Mangaka

Nawashukuru wataalamu, lakini naomba niwe mgumu kidogo. Sisi wa Nanyumbu tunaishi jirani na pori la Lukwika-Lumesule na mto Ruvuma, na vijijini kwetu mbwa ni wachache. Kaya nyingi hazifugi kabisa, na waliopo ni wa kulinda mashamba na kufukuza nguruwe, nao huingia porini na wenyewe na kurudi baada ya siku kadhaa. Mbweha ninaowasikia wakilia usiku ni wengi kuliko mbwa ninaowajua kwa majina.

Sasa Daktari anasema karibu theluthi moja ya maambukizi ilikuwa ya wanyamapori wenyewe kwa wenyewe. Kama mbwa ni wachache hivyo, kwa nini tusiamini kwamba mbweha wanajitosheleza? Na huko kushuka kwa matukio kulikoendana na chanjo ya mbwa, nani anajua kama si mlipuko wa mbweha uliokuwa umefika mwisho wake wenyewe, chanjo ikapewa sifa ambazo si zake? Nauliza kwa sababu tukikosea hapa, tutachanja mbwa miaka nenda rudi na akina mama wataendelea kung'atwa mashambani.

Jambo la pili ni la utekelezaji. Chanjo ya mwisho niliyoiona ilifanyika kwenye uwanja wa shule saa nne asubuhi, siku ya kazi, na ilitangazwa siku moja kabla. Mbwa wanaoingia porini, ndio hasa wanaokutana na mbweha, hawakuwepo.

JIBU: Daktari wa Mifugo, Mtwara

Mzee wangu wa Mangaka, hoja yako ni nzito, na watafiti wenyewe hawakuikimbia. Mambo mawili kutokea pamoja si uthibitisho kwamba moja limesababisha jingine. Tena kuna udhaifu mwingine ambao ungeweza kuutaja na hukuutaja: utafiti unaoanzia kwenye daftari la hospitali humwona mbweha aliyekutana na mtu au mbwa wa mtu, na mbweha aliyeugua na kufia ndani ya pori la Lukwika hakuna daftari linalomwandika. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba maambukizi ya mbweha kwa mbweha ni mengi kuliko yaliyoonekana.

Nikipima upande wa pili naona hivi. Kinachotuambia habari ya ugonjwa kuendelea ni kama kila mgonjwa, kwa wastani, anaacha angalau mgonjwa mwingine mmoja nyuma yake. Kwa mbwa, mgonjwa mmoja huacha kati ya mmoja na wawili, na hiyo ndiyo sababu ugonjwa unaovuka kiwango cha mmoja kwa kidogo tu unaweza kuzimwa kwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Mbweha wanaweza kuwa na mnyororo wa kizazi cha pili, cha tatu, hata cha tano, lakini wakiwa chini ya mmoja kwa wastani, mnyororo huo hukatika usipoanzishwa upya. Theluthi moja ya maambukizi inaweza kabisa kuwa ya namna hiyo, yaani minyororo mirefu kiasi ambayo mwanzo wake ni mbwa. Kwamba mbwa ni wachache huko kwenu ni kweli, ila hata Serengeti, ambako wanyama walao nyama ni wengi kupita kwetu, virusi vilivyochukuliwa kwa wanyama wa aina mbalimbali vilikuwa vya ukoo uleule unaozunguka kwa mbwa.

Ili nisionekane navutia upande mmoja, nikuongezee silaha. Jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mbweha wa mgongo mweusi wanaweza kuuendesha ugonjwa bila msaada wa mbwa, na Namibia tandala (kudu), ambao ni wala majani, walikufa kwa makumi ya maelfu katika mlipuko ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna kanuni moja ya Afrika nzima. Kila eneo lipimwe kwa ushahidi wake.

Ushahidi utakaomaliza ubishi wetu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kuchanja mbwa bila kukatiza kwa miaka kadhaa, kwa kiwango cha kweli cha 70 kwa 100 katika kila kijiji. Wastani wa wilaya hautoshi, kwa sababu huficha vijiji ambavyo havikufikiwa kabisa. Kiwango hicho kikishikiliwa na mbweha wakaendelea kuugua mwaka hadi mwaka, mimi nitakuwa wa kwanza kutia saini barua ya kuomba vyambo. Wa pili ni sampuli za ubongo kutoka kwa mbweha wanaouawa, zisomwe vinasaba, tuone kama kirusi cha mbweha wa Liwale na wa Nanyumbu kimeanza kujitenga na cha mbwa. Mbweha wengi wanaouawa vijijini hufukiwa kama yule wa kwa Mwalimu, na jibu letu linafukiwa pamoja nao.

Kuhusu uwanja wa shule saa nne asubuhi, hapo huna mpinzani. Chanjo inayofanyika mahali pamoja kwa siku moja huwapata mbwa wanaoongozeka kwa kamba na wenye watoto wa kuwaleta, na huwakosa wale wa wawindaji. Kuna jambo limerahisika hapa: chanjo ya mbwa iliyofanyiwa utafiti na wataalamu waliofanya kazi Tanzania, matokeo yakatolewa mwaka 2016, ilibaki na nguvu baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25 na miezi mitatu kwenye nyuzi joto 30. Kuna pia majaribio ya kuihifadhi kwenye vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji yanayokauka, kama mtungi wa maji ya kunywa unavyopoa. Maana yake ni kwamba dozi zinaweza kubaki kijijini kwa mtu aliyefundishwa, akamchanja mbwa wa mwindaji jioni anaporudi, na akawachanja watoto wa mbwa wanapozaliwa badala ya kungoja kampeni ya mwaka ujao. Kijiji kinachotaka jambo la kuomba wilayani, hilo ndilo ningeliomba.

JIBU: Muuguzi, Masasi

Naomba kuongeza upande wa binadamu kwa ufupi, kwa sababu nimeona mjadala unawafikiria zaidi wanyama. Mtu aliyeng'atwa au kuparurwa na mbweha, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kabla hata ya kutafuta usafiri. Asipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Halafu aje. Chanjo huanza siku ya kwanza na hurudiwa kwa tarehe atakazoandikiwa, na jeraha kubwa, hasa la kichwani, usoni, shingoni au mikononi, huhitaji pia dawa ya kinga ya moja kwa moja inayochomwa kuzunguka jeraha. Dalili zikishaanza hatuna tena la kufanya zaidi ya kumpunguzia mgonjwa mateso.

Watu wengi wakiulizwa mapokezi husema "nimeng'atwa na mnyama," na daftari linaandikwa hivyohivyo. Mkiwasindikiza wagonjwa, tafadhali mtuambie kama ni mbweha, mbwa, paka au nguchiro, kijiji gani na kitongoji gani, na kama mnyama alikuwa na mwenyewe. Utafiti aliousema Daktari umejengwa juu ya mistari kama hiyo iliyoandikwa na wauguzi wenzangu zamu ya usiku.

MWULIZA SWALI: Mwalimu wa Liwale

Nawashukuru sana, Daktari, Mzee wa Mangaka, Afande na dada Muuguzi. Mbwa asiye na kumbukumbu ya chanjo, mwenyewe amekubali aondolewe, na yule mwingine afisa mifugo wa kata atakuja kumchanja. Suala la sumu limeondolewa kwenye agenda ya kamati. Nimebaki na swali moja: akiuawa mbweha mwingine, sisi wa kijijini tufanye nini ili sampuli ipatikane, bila mtu kujiweka hatarini?

JIBU: Daktari wa Mifugo, Mtwara

Mwalimu, kazi ya kijiji ni ndogo, na kazi ya kutoa sampuli mwachieni afisa mifugo ambaye yeye mwenyewe amechanjwa. Akilazimika kuuawa, asipigwe kichwani, maana ubongo uliosagika na kuchanganyika na mchanga haupimiki vizuri. Asiguswe kwa mikono mitupu. Mzoga usogezwe kwa koleo au jembe hadi kivulini, ufunikwe kwa matawi ya miiba ili mbwa na kuku wasiufikie, na mtu mmoja apige simu kwa afisa mifugo saa ileile, kwa sababu kwa joto letu ubongo huanza kuharibika ndani ya siku moja. Waliomuua waoshe mikono na panga kwa sabuni. Kirusi hiki hakistahimili sabuni, jua wala kukauka.

Afisa akifika hana haja ya kupasua fuvu kwa shoka, jambo linalorusha vipande na kuwatia watu hofu. Akiwa amevaa glavu, barakoa na miwani, atakiinamisha kichwa mbele, atakata ngozi na misuli ya kisogo hadi lionekane tundu ambalo uti wa mgongo unaingilia kwenye fuvu, kisha ataingiza mrija wa plastiki unaokaribia unene wa kalamu, akiuelekeza upande wa jicho huku akiuzungusha. Mrija ukitoka unakuwa umebeba sehemu kadhaa za ubongo kwa mpangilio wake, kuanzia shina la ubongo, na hizo ndizo zinazohitajika zaidi. Nusu itapimwa palepale kwa kipimo cha haraka kama kipo, na nusu itawekwa kwenye kichupa chenye gliserini na kupelekwa kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Mtwara. Mzoga uliobaki uchomwe, au ufukiwe kwa kina ambacho fisi hatauchimbua.

Kwenye kichupa iandikwe tarehe, kitongoji, jinsi ya mnyama, na majina ya mbwa aliopigana nao pamoja na ya wenyewe. Haya ya mwisho msiyadharau. Sampuli inaweza kutuambia kwamba mbweha alikuwa na kichaa, lakini bila kujua alipigana na mbwa wa nani hatutajua mnyororo unaelekea nyumba gani katika mwezi unaofuata. Nitumie namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yenu kwa ujumbe wa faragha, nimpigie kuhusu mirija na vichupa kabla msimu wa korosho haujaanza.